Kupima afya ya programu huria: kutoka hesabu ya mistari hadi hesabu ya watu

Miaka michache iliyopita niliandikia sacco moja programu ya kuchapisha taarifa za wanachama kila mwisho wa mwezi. Kazi ya kutengeneza faili za PDF sikutaka kuianza mwenyewe, kwa hivyo nikachukua maktaba ya programu huria iliyokuwa na nyota kwa maelfu. Nikajiambia, watu wote hawa hawawezi kukosea. Mwezi wa kwanza tu simu ikalia. Kila mwanachama mwenye jina kama Ng'ang'a au Wang'ombe alikuwa amekatwa jina pale penye ile alama ya ng'. Mzee mmoja alifika ofisini na karatasi iliyoandikwa "Ng" peke yake, akauliza kama akiba yake nayo imekatwa vivyo hivyo.

Nikaenda kuripoti hitilafu hiyo kwa wenye maktaba. Nikakuta imeripotiwa zamani, tena mara kadhaa, na mtu mmoja alikuwa ametuma kiraka cha mistari mitatu kinachoitibu. Kiraka kilikuwa kimekaa pale zaidi ya mwaka bila hata "asante". Mwenye mradi alikuwa ameshaondoka, ameacha duka wazi na taa zinawaka, na sisi wapita njia tulidhani mna mtu ndani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia swali moja: utajuaje kama mradi wa programu huria ni mzima au ni mgonjwa? Kwa wale wageni katika mambo haya, programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, mtu yeyote aruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Nyingi hutengenezwa na watu waliotawanyika duniani, wengine hawajawahi kuonana. Hakuna ofisi ya kwenda kugonga mlango. Kwa hivyo watu walianza kuhesabu, na historia ya walichohesabu ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Swali la kwanza liliulizwa kwa mzaha. Mwezi Juni 1994 mtumiaji mmoja wa lugha ya Python aliandikia wenzake barua pepe akiuliza ingekuwaje kama Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha hiyo, angegongwa na basi. (Angekuwa Nairobi angesema matatu.) Python ilikuwa changa, na karibu kila uamuzi ulipita kwa mtu huyo mmoja. Kutokana na mzaha wa namna hiyo, watengenezaji wa programu wakapata kipimo walichokiita kigezo cha basi: ni watu wangapi wakiondoka ghafla ndipo mradi usimame? Python yenyewe ilichukua muda kupata jibu. Guido aling'atuka Julai 2018, akiwa hai na mzima, na mwanzoni mwa 2019 wanachama wakachagua baraza la watu 5 kushika nafasi yake. Kutoka swali hadi baraza, miaka 24.

Waliohesabu kwa makini mapema walikuwa Audris Mockus, Roy Fielding na James Herbsleb. Walichukua seva ya Apache, ile iliyoanzishwa 1995 na kundi dogo la watu waliokuwa wakibadilishana viraka kwa barua pepe. Fielding mwenyewe alikuwa mmoja wa waanzilishi. Utafiti wao ulitoka mwaka 2000, ukapanuliwa 2002 kwa kuongezwa Mozilla. Wakati huo watu waliizungumzia programu huria kama soko kubwa ambamo maelfu wanaandika msimbo pamoja. Hesabu ilionyesha picha nyingine. Karibu watu 400 walikuwa wamechangia msimbo wa Apache, lakini 15 wa kwanza walikuwa wameandika zaidi ya asilimia 80 ya kazi yote. Nje ya hao kulikuwa na kundi kubwa zaidi lililorekebisha hitilafu, na nje ya hilo kundi kubwa zaidi tena, watu 3,060, walioripoti hitilafu tu.

Mimi huwa naifikiria kama harusi ya kijijini. Wapishi ni wachache, wanaochota maji na kukata vitunguu ni wengi kidogo, na wanaosema wali haujaiva ni umati mzima. Watafiti hao hawakuona aibu katika uchache wa wapishi. Walichosema ni kwamba lile duara la pili la wanaorekebisha likikosekana, wapishi watalemewa na kelele za umati. Naomba ulikumbuke hilo, tutalihitaji mbele.

Mwaka 2002 Sandeep Krishnamurthy akaangalia miradi 100 iliyokomaa na yenye pilikapilika zaidi kwenye SourceForge, tovuti iliyokuwa makao makuu ya programu huria siku zile. Katikati ya orodha hiyo mradi ulikuwa na watengenezaji 4. Idadi iliyojitokeza mara nyingi kuliko zote ilikuwa 1. Na hiyo ni miradi iliyofanikiwa!

Hata hivyo watu wengi walipendelea kuhesabu mistari ya msimbo, maana mistari ni mingi na inatia fahari. Mwaka 2001 David Wheeler alihesabu mistari yote ya Red Hat Linux 7.1, akapata zaidi ya milioni 30. Kwa kutumia kanuni ya kukadiria gharama ambayo Barry Boehm aliitoa 1981, akasema kazi hiyo ingeigharimu kampuni zaidi ya dola bilioni 1 kama ingeiandika yenyewe kwa njia za kawaida. Ilikuwa hoja nzuri ya kuwanyamazisha waliodhani cha bure hakina thamani. Kuanzia 2006 tovuti ya Ohloh, ambayo sasa inaitwa Open Hub, ikafanya hesabu ya aina hiyo kwa kila mradi iliyoukuta. Ungeweza kuona kwamba programu uliyoandika usiku kwa usiku ina thamani ya nyumba Karen. Tatizo ni kwamba mistari haifi. Mradi ukiachwa leo, mistari yake milioni itabaki milioni hata baada ya miaka 10.

Sasa nije kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote, cha OpenOffice.

Wengi wetu Afrika Mashariki tuliifahamu programu hii mapema. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Mara ya kwanza nilipoona menyu imeandikwa "Faili" na "Hariri" nilicheka peke yangu kama mjinga. Programu mama ilikuwa mali ya kampuni ya Sun Microsystems, iliyoufungua msimbo wake mwaka 2000.

Oktoba 2008 likatoka toleo la 3.0. Watu walilikimbilia hadi seva za kupakulia zikalemewa, na wiki ya kwanza pekee lilipakuliwa mara milioni 3. Kwa kipimo chochote cha umaarufu, huu ulikuwa mradi wenye siha. Lakini mwezi huo huo Michael Meeks, mtengenezaji aliyeajiriwa na Novell, alichapisha grafu zake. Hakuhesabu waliopakua. Alihesabu ni watu wangapi walioandika msimbo kwa kiasi cha maana kila mwezi, na wangapi kati yao hawakuwa wafanyakazi wa Sun. Mstari wa watengenezaji ulikuwa unashuka, na wa watu wa nje ulikuwa chini kabisa. Akasema wazi kwamba mradi ni mgonjwa sana. Kusema haki, Novell ilikuwa na nakala yake yenyewe ya OpenOffice na ugomvi wake na Sun, kwa hivyo Meeks hakuwa mwamuzi asiyeegemea upande. Lakini takwimu zake zilitoka kwenye kumbukumbu za mradi wenyewe, na aliyetaka kubisha angeweza kuhesabu upya.

Mwanzoni mwa 2010 Oracle ikakamilisha kuinunua Sun. Tarehe 28 Septemba mwaka huo sehemu kubwa ya wachangiaji ikajitenga na kuanzisha LibreOffice. Juni 2011 Oracle ikalitoa jina la OpenOffice na msimbo wake kwa shirika la Apache. Kwa hivyo kukawa na ndugu wawili, mmoja ana jina na mwingine ana watu.

Jina lina nguvu, tusidanganyane. Aprili 2014 Apache ilitangaza kwamba OpenOffice imepakuliwa mara milioni 100. Mwaka uliofuata, Machi 2015, jarida la LWN likalinganisha kumbukumbu za msimbo za miradi hii miwili kwa kipindi cha karibu mwaka mmoja. OpenOffice ilikuwa imepata mabadiliko yasiyofika 400, kutoka kwa watu 16. LibreOffice ilikuwa na mabadiliko zaidi ya 22,000 kutoka kwa watu zaidi ya 250.

Mtu aweza kusema, na iwe hivyo, programu iliyokamilika inahitaji mabadiliko ya nini? Jibu lilifika mwezi uliofuata. Iligunduliwa tundu la usalama katika sehemu inayosoma faili za zamani za Kikorea. LibreOffice ilitoa toleo lililorekebishwa mwezi huo huo wa Aprili. Watumiaji wa OpenOffice waliambiwa waingie wenyewe kwenye folda ya programu wafute faili moja kwa mkono, na toleo lililozibwa likatoka Oktoba. Miezi sita! Fikiria karani wa shule ya msingi aliyewekewa OpenOffice na mpwa wake, ambaye hata neno "folda" linampa wasiwasi. Mwaka 2016 likatokea tundu jingine lililotangazwa kabla ya toleo la kuliziba kuwa tayari, na Septemba mwaka huo wasimamizi wenyewe wakaanza kujadili hadharani kama mradi ufungwe. Haukufungwa. Umeendelea kutoa matoleo ya marekebisho, machache.

Hapo ndipo tofauti inapoonekana kati ya sifa na afya. Milioni 100 ilikuwa hesabu ya watu ambao wangeumia. Watu 16 ndio waliokuwa na uwezo wa kuwasaidia.

Upande wa Linux nitapita haraka. Mwaka 2008 shirika la Linux Foundation lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya kazi ya kiini cha Linux ilifanywa na watu wanaolipwa mshahara kuifanya. Hadithi ya kijana wa chumbani asiyelala ikabidi ipunguzwe chumvi. Kumbe afya ya mradi mkubwa inategemea pia ni kampuni ngapi zinalipa, ili moja ikifilisika nyumba isianguke.

Kisha ikaja tarehe 7 Aprili 2014, Heartbleed. OpenSSL ndiyo maktaba iliyokuwa ikilinda siri kwenye sehemu kubwa ya intaneti. Ukiona kufuli kwenye anwani ya benki, mara nyingi ilikuwa kazi yake. Tundu liliingia na toleo la 1.0.1 la Machi 2012, likakaa miaka miwili bila kutangazwa. Kampuni ya Netcraft ilikadiria kwamba seva nusu milioni hivi zilikuwa wazi. Dunia ilipogeuka kuuliza nani mwenye maktaba hii, ikakuta mtu mmoja anayeifanya kazi hiyo muda wote, wachache wanaomsaidia, na michango ya hiari ya dola 2,000 hivi kwa mwaka. Ripoti za hitilafu zilikuwa zimerundikana kwa miaka. Unakumbuka lile duara la pili la Apache? Hapa lilikuwa karibu tupu, na kumbukumbu za mradi zilikuwa wazi muda wote kwa yeyote ambaye angejali kuzitazama.

Kampuni kubwa zikachanga fedha haraka, kisha likaja swali gumu: ni OpenSSL ngapi nyingine zimejificha? Mwaka 2015 ilifanywa sensa ya miradi, na aliyeiongoza ni David Wheeler, yule yule aliyehesabu mistari milioni 30 mwaka 2001. Safari hii hakuanza na mistari. Aliangalia programu inatumiwa kwa wingi kiasi gani, iko wazi kiasi gani kwa mtandao, imewahi kupata matundu mangapi, na ni watu wangapi wameigusa katika miezi 12 iliyopita. Mradi unaotumiwa na wengi na usioguswa na yeyote ulipanda juu kwenye orodha ya hatari. Kwangu mimi miaka hiyo 14 ya mtu mmoja inaeleza historia yote hii.

Septemba 2017, mjini Los Angeles, Linux Foundation ilizindua mradi wa CHAOSS, kazi yake ikiwa ni kukubaliana vipimo na kutengeneza zana za kuvihesabu. Ndani yake walikuwemo Bitergia, kampuni ya Hispania iliyokuwa tayari ikifanya kazi hii, na watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani. Kigezo cha basi wamekipa jina la upole zaidi, kigezo cha kutokuwepo kwa mchangiaji: idadi ndogo kabisa ya watu ambao kazi yao ikijumlishwa inafikia nusu ya kazi yote. Wanapima pia muda kutoka mtu anapoleta kiraka hadi anapopata jibu la kwanza, wageni wangapi wamechangia, na wangapi wamerudi mara ya pili. Hicho cha jibu la kwanza ndicho ningekihitaji kabla ya kumkata Mzee Ng'ang'a jina.

Kundi la Afrika la CHAOSS lilianzishwa baadaye, na nadhani lilichelewa. Kipimo cha muda wa kujibu kikisomwa na mtu ambaye stima haijawahi kumpotea, mchangiaji wa Kisii aliyenyamaza siku tatu ataonekana mvivu, kumbe tokeni zimeisha au bando limekata.

Halafu kuna wanaocheza na vipimo. Oktoba 2020 kampuni ya DigitalOcean, kwenye kampeni yake ya kila mwaka ya Hacktoberfest, iliahidi fulana kwa yeyote atakayetuma viraka 4. Watunzaji wa miradi wakafurikwa na viraka vya kuongeza neno moja la sifa kwenye faili la maelezo. Siku za mwanzo tu za mwezi ikabidi kanuni ibadilishwe, mradi uingie kwa hiari yake. Grafu ya wageni ya mwezi huo ilipanda kama Mlima Kenya.

Lakini fulana ni mchezo wa watoto ukilinganisha na xz. Hii ni programu ndogo ya kubana faili, iliyomo karibu katika kila Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja. Kigezo chake kilikuwa 1, na kwa kila kipimo nilichotaja ilikuwa mgonjwa anayestahili msaada. Mwishoni mwa 2021 akajitokeza mtu anayejiita Jia Tan akituma viraka, vizuri tu. Mwaka 2022 watu wengine, kwa majina ambayo sasa yanadhaniwa kuwa ya bandia, wakaanza kumlaumu mtunzaji kwa barua pepe kwamba mradi unakwenda polepole na amwachie mwingine. Alijibu kwamba hana afya nzuri na kwamba hii ni kazi ya kujitolea. Taratibu Jia Tan akapewa ufunguo, akaanza kutoa matoleo.

Hebu chora grafu ya xz ya mwaka 2023. Mchangiaji mpya amerudi mara ya pili, ya kumi, ya mia. Viraka vinajibiwa. Watu wa kuitegemea ni wawili badala ya mmoja. Zana yoyote ingeweka alama ya kijani. Februari 2024 likatoka toleo la 5.6.0 likiwa na mlango wa siri wa kuingilia kwenye seva. Tarehe 29 Machi Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alitangaza alichokuta. Alikuwa ameshangaa tu kwa nini kuingia kwenye mashine yake ya majaribio kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Toleo hilo lilikuwa limefika kwenye matawi ya majaribio ya Debian na Fedora, halijaenea kwenye seva za watu. Mtunzaji wa awali alirudi, akasafisha, na 5.6.2 ikatoka mwishoni mwa Mei.

Sijaacha kutumia vipimo kwa sababu ya xz. Kigezo cha 1 kilikuwa kikisema kweli miaka yote hiyo, na waliosikia kwanza walikuwa wezi. Nilichobadilisha ni kwamba nikishaona namba, nasoma mazungumzo yenyewe, walau ya miezi sita: nani anajibu, kwa lugha gani, na kama kuna anayesukumwa mpaka anachoka.

Ile maktaba ya PDF nilitengeneza nakala yake, nikatia kile kiraka cha mistari mitatu, na sacco inaitumia mpaka leo. Jina la Mzee Ng'ang'a linatoka lote. Juzi nilijaribu kuipima nakala hiyo kwa zana za CHAOSS. Kigezo cha kutokuwepo ni 1, na mtu mwenyewe ni mimi, kwa hivyo wiki hii nimemwita kijana mmoja wa ofisini nimwonyeshe inavyofanya kazi.